Vitufe vya sauti vya mbwa: miezi mitano mimi na Mtasema

Nashona nyumbani, Moshi, upande wa Rau. Chumba cha kazi kiko nyuma ya nyumba, na cherehani ikishaanza kukimbia sisikii hata mvua ikipiga bati. Hiyo ndiyo sababu ya kununua vitufe hivi, ambavyo mbwa akivikanyaga vinatoa neno ulilorekodi. Nasema mapema ili mtu asidhani nilikuwa natafuta mbwa wa kuonyesha wageni. Mbwa wangu akitaka kutoka analia mlangoni kwa sauti nyembamba, kama bawaba iliyokosa mafuta, na mara nyingi nimekuja kugundua amelia muda mrefu huku mimi napiga pindo sare za shule. Nikifika tayari ameshakojoa kwenye mkeka, ananipita mkia umebanwa, masikio nyuma, kana kwamba kosa ni lake.

Anaitwa Mtasema. Marehemu baba alikuwa akiwapa mbwa majina ya kuwajibu majirani, nami nikaendeleza. Huyu nilimchukua akiwa mdogo, kipindi nilichoanza kuishi peke yangu na maneno yakawa mengi mtaani. Ni mbwa wa kienyeji, jike, rangi ya mchanga, miaka 5, kilo 18. Analala ndani.

Vitufe ameniagizia mwanangu wa pili, anasoma tiba ya wanyama Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alivipata kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, Februari 2025: seti ya vitufe vinne kwa shilingi 38,000, na 5,000 ya kupakia basi mpaka Moshi. Havina jina la kampuni, boksi limeandikwa Kichina na Kiingereza kidogo. Kila kitufe kina upana wa kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Kinakula betri mbili ndogo za AAA, na betri haziji ndani ya boksi, kwa hiyo ongeza betri nane kwenye hesabu yako. Unarekodi neno kwa sauti yako, mbwa akikanyaga kinatoa sauti hiyo hiyo. Kazi yake ni hiyo tu, hakina intaneti wala programu ya simu.

Mwanangu alinisimulia vilikotoka. Kuna mama mmoja Marekani, Christina Hunger, kazi yake ni kusaidia watoto wanaochelewa kusema. Mwaka 2018 alipata mbwa, Stella, akajiuliza kwa nini asimfundishe kwa vitufe vile vile vya kurekodi ambavyo hutumika kwa watoto wasioweza kutamka. Tangu hapo watu wengi wameiga. Mimi nilisikiliza nikasema, mwanangu, huyu wangu anasema tayari, shida ni cherehani. Akanijibu, "Basi Mama, vichukulie kama kengele ya mlangoni." Hivyo ndivyo nilivyovichukua, na nadhani ndiyo njia sahihi ya kuvinunua.

Sasa kurekodi. Neno la kwanza nililotaka ni "nje". Nikabonyeza, nikasema, nikasikiliza: kikatoa "je". Nikarudia mara sita, "je", "je", "je". Vitufe hivi vya bei nafuu vinachelewa kidogo kuanza kunasa, vinameza mwanzo wa neno, na maneno yetu mafupi ndiyo yanayoumia zaidi. Dawa yake ni kuweka neno la kutangulia. Nikarekodi "twende nje", ikatoka safi. "Maji" nayo nikaifanya "nipe maji". Cha tatu "nikune", kwa sababu Mtasema anapenda kukunwa chini ya kidevu kuliko hata nyama. Cha nne, kwa bahati mbaya, nikarekodi "nataka chakula".

Kuhusu rangi, seti ina chekundu, kijani, njano na bluu. Mimi nilipanga chekundu na kijani pamoja kwa sababu vilinipendeza. Mwanangu aliponitazama kwa video akaniambia nitenganishe, kwa kuwa jicho la mbwa linaona vizuri bluu na njano, lakini nyekundu na kijani kwake zinakaribiana sana. Nikaweka bluu karibu kabisa na mlango kwa ajili ya nje, njano kando ya bakuli kwa ajili ya maji. Lakini nimeona kwamba mahali kinapokaa kitufe kuna uzito kuliko rangi. Siku moja nilipiga deki nikavirudisha kwa kubadilishana bila kujua, na mchana kutwa Mtasema aliomba maji akiwa amesimama mlangoni.

Vinateleza, hiyo ni kasoro kubwa. Sakafu yangu ni saruji iliyosuguliwa, mbwa akikanyaga kitufe kinakimbia kwenda ukutani bila kulia. Boksi lilikuja na vibandiko vya gundi, vikaachia siku ya pili. Kwa kuwa mimi ni fundi, nilikata kipande cha zulia kuukuu, nikashonea velkro, upande wa pili wa velkro nikaubandika chini ya vitufe kwa gundi ya viatu. Tangu hapo havijasogea. Ambaye si fundi atafute mwenye cherehani, ni kazi ya dakika kumi.

Kumfundisha hakuhitaji fimbo wala kelele. Kila nikitaka kufungua mlango, kwanza nabonyeza mwenyewe, "twende nje", halafu nafungua. Kila nikijaza bakuli, "nipe maji", halafu nammiminia. Usimshike mguu ukamkanyagisha, wangu alifanyiwa hivyo na mjukuu wangu mara moja, akakaa siku mbili hapiti karibu na zulia. Siku 16 sikuona kitu. Anakaa, ananitazama, anatazama kitufe, anapiga miayo. Miayo ya mbwa mara nyingi si usingizi, ni mwili unajituliza unapokuwa na wasiwasi, kwa hiyo nilikuwa naacha tukaendelea kesho. Siku ya 17, saa kumi jioni, nikiwa katikati ya gauni la komunio, nikasikia sauti yangu mwenyewe kutoka mlangoni: twende nje. Niliinuka haraka hata nikaangusha sanduku la bobini. Kazi ilisimama robo saa, nilikaa naye uwani tu chini ya mparachichi, nimefurahi mno.

Baada ya hapo maji yalichukua siku nne, na "nikune" siku mbili.

"Nataka chakula" nilikitoa siku ya tatu tangu akijue. Alikibonyeza mara 26 kabla ya saa sita mchana. Mwanzoni unatakiwa umjibu kila akibonyeza, la sivyo anaona neno halina maana, nami nikawa naenda na kurudi na dagaa kiganjani mpaka nikaona hapa nitamfanya mnene. Kwa atakayenunua: usirekodi kitu ambacho huwezi kukitoa kila kikiombwa. Nje unaweza, maji unaweza, kukuna unaweza. Chakula kina saa zake.

Je, anaelewa neno, au ananisoma mimi tu? Hili ndilo swali jirani yangu aliniuliza, na ni swali zuri. Mbwa anasoma mwili wa mtu kuliko tunavyodhani, mimi nikishika tu kanga ya kutokea ameshajua. Mwanangu akanieleza kwamba maabara ya Federico Rossano, Chuo Kikuu cha California kule San Diego, walijaribu hilo kwa mbwa 59 na kutoa matokeo mwaka 2024. Waliangalia mbwa anafanya nini neno likitoka, liwe limesemwa kwa mdomo au kwa kitufe, awe amebonyeza mwenye mbwa au mtu asiyemjua. Kwa maneno ya kutoka nje na ya kucheza, mbwa walifanya mambo yanayofanana na neno bila kujali nani kabonyeza. Mwisho wa mwaka huo huo wakatoa kazi nyingine, ya mbwa 152 ambao mibonyezo yao iliandikwa kwa miezi 21, na humo yanayobonyezwa sana na mbwa ni mambo ya mahitaji yao: nje, kitu cha kula, kucheza, haja. Neno la "nakupenda" wenye mbwa walilibonyeza zaidi kuliko mbwa wenyewe. Hilo halikunishangaza hata kidogo. Mtasema akinipenda anakuja kuegemea mguu wangu mpaka kanyagio la cherehani linapotea, kitufe cha nini?

Nami nilifanya jaribio langu. Mjukuu alijificha nyuma ya pazia na kitufe cha bluu mkononi, mimi nimeketi nimeinamia kitambaa, sitazami popote. Akabonyeza. Mtasema akaamka, akaenda mlango wa nyuma. Tulirudia kwa siku tano, mara mbili kwa siku, akaenda mlangoni mara nane kati ya kumi. Mara moja alimfuata mjukuu nyuma ya pazia, na mara moja alikuwa amelala fofofo.

Nyota nazotoa ni tatu kati ya tano. Mbili nazizuia kwa ajili ya ubora, nitaeleza. Lakini kabla ya hapo niseme kilichotokea mwezi wa tano, maana bila hicho huenda ningeandika mistari minne tu.

Huwa naandika oda zangu kwenye daftari kubwa, jina la mteja, vipimo, malipo ya awali. Tangu vitufe vije nilikuwa napiga vijiti pembeni ya ukurasa kila Mtasema akibonyeza, bluu upande huu, njano upande ule. Sikuwa na mpango wowote, ilikuwa furaha tu ya kuona anavyosema. Siku za kawaida maji yalikuwa kijiti kimoja au viwili. Anaomba bakuli likiwa tupu, na bakuli langu linachukua mililita 700.

Masika yalikuwa yamekolea. Alikuwa ametoka joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Wiki ya pili ya mwezi wa tano akaanza kunyong'onyea kidogo, dona lake anabakiza, ngazi ya varanda anaisimamia kwanza kabla ya kupanda. Nikasema ni baridi ya mvua. Akawa analala kwenye saruji tupu badala ya mkeka. Nikasema labda mkeka unanuka. Akawa anajilamba nyuma, anajilamba tena, anakaa kwa upande. Nikamuona, wala sikusema kitu moyoni mwangu, kwa sababu nilikuwa na sare 40 za kukabidhi Ijumaa.

Jumatano jioni nikafungua daftari kuandika oda, nikaona vijiti vya njano ni vinne. Nikarudi ukurasa wa jana, vinne. Juzi, vitatu. Nikahesabu: bakuli nne za mililita 700 ni karibu lita 2.8, kwa mbwa wa kilo 18, siku ya mvua na baridi. Nikampigia mwanangu. Hakuniacha nimalize. "Mama, mara ya mwisho alikuwa joto lini?" Nikamwambia, wiki sita au saba. Akasema mbwa mwenye afya hunywa kama mililita 50 au 60 kwa kila kilo kwa siku, akizidi 100 ujue kuna jambo, na huyu wako ameshapita 150. "Mpeleke asubuhi, usingoje Ijumaa."

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamuweka kwenye ultrasaundi, akanigeuzia kioo nikaona vivuli vyeusi vinene kama soseji. Mfuko wa uzazi ulikuwa umejaa usaha. Wanaita piometra. Alinieleza vizuri, nami naandika hapa kwa ajili ya kila mwenye jike ambalo halijafungwa kizazi: baada ya joto, homoni inaandaa mfuko kupokea mimba hata kama hakupandwa, ukuta unanenepa, mlango unafunga, na bakteria waliobaki ndani wanapata nyumba. Kwa kawaida inajitokeza wiki nne mpaka nane baada ya joto. Sumu ya bakteria inavuruga figo, zinashindwa kubana mkojo, mbwa anakojoa sana na kunywa sana. Hiyo ndiyo ilikuwa maana ya vijiti vyangu. Ukichelewa mfuko unapasuka au sumu inasambaa mwilini, na mbwa anakufa. Alifanyiwa upasuaji siku hiyo hiyo, mfuko ukatolewa. Sare 40 zilichelewa siku tatu na mwalimu mkuu alinielewa, Mungu ambariki.

Watu wameniambia vitufe vimemwokoa mbwa wangu. Nimelitafakari sana jambo hili, na sikubali moja kwa moja. Kitufe cha njano kilinipa hesabu, na bila hesabu nisingeshtuka. Bakuli la uwani ningejaza mimi, angejaza mjukuu, mvua nayo ingejaza, nani angejua? Hapo kinastahili sifa yake yote. Lakini Mtasema alikuwa ameshaniambia kwa wiki nzima, kwa ngazi, kwa saruji, kwa ulimi. Alisema kwa lugha ambayo haihitaji betri. Mimi nilikuwa nimeanza kusikiliza zulia kuliko mbwa. Akibonyeza namkimbilia, asipobonyeza nahesabu hana neno.

Na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa matatu tu. Hakuwa na "naumwa". Nisingeweza kumfundisha hilo neno, maana unafundisha kwa kubonyeza kabla ya jambo, na maumivu huyajui yanapoanza. Mbwa akiwa na maumivu alichonacho ni mwili wake.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Salford, Uingereza, wa mwaka 2018, mwanangu alinisomea kwa simu nikiwa namkalisha Mtasema baada ya upasuaji. Waliwapiga video mbwa 37 majumbani mwao, wakapata ishara 19 ambazo mbwa hutumia kumwomba mtu, na maombi yenyewe ni manne: nikune, nipe cha kula au kunywa, nifungulie mlango, nipe kitu changu cha kuchezea. Kugeuza kichwa, yaani kumtazama mtu kisha kitu kisha mtu, ni mojawapo. Nilicheka, maana vitufe vyangu vitatu vimo vyote, na mimi nililipa shilingi 43,000, betri mbali.

Sasa kasoro za bidhaa. Kitufe cha kijani kilikufa, maji ya deki yaliingia chini yake. Hakuna kizuizi chochote cha maji, mfuniko wa betri ni plastiki tupu inayobanwa kwa kucha, na kwa mbwa anayekunywa na kudondosha mate hilo ni jambo la kufikiriwa kabla ya kuuza. Mfuniko huo huo unaweza kung'olewa na mbwa mdogo anayetafuna, na betri ikimezwa ni hatari, kwa hiyo kwa mbwa wa chini ya mwaka mmoja sikushauri kabisa. Muuzaji aliahidi kubadilisha, akataka picha, nikatuma, akataka video, nikatuma, kisha ujumbe ukawa unasomwa bila jibu. Nimekuwa na biashara miaka 22 na sijawahi kumwacha mteja na zipu mbovu. Inaniuma. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba atabadilisha kibovu.

Sauti inatosha, naisikia cherehani ikikimbia. Ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, na cherehani vikiwa pamoja siisikii. Betri za kwanza zilidumu miezi mitatu kwa kitufe cha bluu, za njano bado zipo. Zikikaribia kuisha sauti inakuwa nzito na ya polepole, na Mtasema aliikataa sauti hiyo, alibonyeza akarudi nyuma akaibwekea.

Nani anunue? Mwenye mbwa anayeishi naye ndani, na mwenye kazi ya kelele au masikio yanayopungua. Mama mmoja mteja wangu, mzee, hasikii vizuri sikio la kulia, nimemshauri avichukue na nitamshonea zulia. Ambaye mbwa wake yuko bandani na anafunguliwa usiku kulinda, hela hiyo ni bora aipeleke kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo na kumfunga kizazi. Hilo la mwisho nililiahirisha kila mwaka, nikalilipia kwa upasuaji wa dharura, ambao ni ghali mno kuliko ule wa kupangwa.

Baada ya upasuaji alivaa ile kola ya plastiki ya kumzuia asilambe mshono. Kila akipita mlangoni kola ilikuwa inabonyeza vitufe vyote kwa mkupuo, twende nje, nipe maji, nikune, mchana na usiku, akawa anaogopa sauti. Nikakunja zulia nikaliweka juu ya kabati. Nikaigeuza pia meza ya cherehani. Miaka yote ilikuwa inatazama dirisha kwa ajili ya mwanga, sasa inatazama mlango, na mwanga nimeufidia kwa taa ya kubana.

Siku ya tisa, kola bado shingoni, alikuja akasimama pale zulia lilipokuwa. Akanitazama, akatazama mlango, akanitazama tena. Nilizima cherehani nikaenda kumfungulia.